Mbona kila nikijipima natoka aina nyingine? Mwongozo wa kuijua haiba yako

Swali hili hunijia kwa sura tatu. "Kaka, kwenye kipimo cha haiba cha herufi nne, mwezi wa tatu nilitoka INFJ, juzi nimetoka ISFP, sasa mimi ni nani?" Au: "Kwenye semina ya kanisani walisema mimi ni melankoli, mtu wa fikra nzito, lakini wenzangu wote wananiita sanguini, mchangamfu." La tatu huulizwa kwa sauti ya chini kidogo: "Nimesoma maelezo ya aina zote 16, na zote naona zinanihusu." Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka, nimechoka. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia huu.

Wenye haraka wachukue jibu hili: hukosei kwa sababu hujijui. Unakosea kwa sababu dodoso linauliza ulivyo, wewe unajibu unavyotakiwa kuwa. Nyani haoni kundule, sawa, lakini hapa hata kioo tulichompa kina ukungu. Utaratibu ulioko chini unachukua wiki tatu na ushee. Ukitaka majibu ya dakika kumi yapo tele mtandaoni, na ndiyo yaliyokuleta hapa.

Kwanza ujue unatumia kipimo gani

Sanguini, koleriki, melankoli na flegmatiki ni mambo ya waganga wa Ugiriki ya kale. Galen na waliomtangulia waliamini hulka ya mtu inatokana na vimiminika vinne vya mwili: damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na kohozi. Tiba ilishaachana na vimiminika hivyo zamani; semina bado.

Herufi nne, yaani kipimo kiitwacho MBTI chenye aina 16 kama INFJ, zilitengenezwa Marekani na Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, wakijenga juu ya kitabu alichochapisha Carl Jung, daktari wa Uswisi, mwaka 1921. E hupata nguvu kwa watu, I huzipata akiwa peke yake. S huanzia kwenye kinachoonekana na kushikika, N kwenye maana na uwezekano. T huamua kwa hoja, F huamua kwa kupima nani ataguswaje. J hupenda jambo lifungwe, P hupenda libaki wazi.

Cha tatu ni mizani mitano, na ndiyo inayotumiwa zaidi na watafiti wa saikolojia: uwazi kwa mambo mapya, utaratibu, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Hii haikupi "aina". Inakuonyesha umesimama wapi kwenye kila mzani, basi.

Nadharia moja tu nyingine, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini unahamahama. Watu wengi wako katikati. Fikiria tungewagawa watu kuwa "warefu" na "wafupi" kwa mstari wa sentimita 165. Mwenye 164 na mwenye 166 wangeitwa watu wa aina mbili, na huyu wa 166 akipimwa jana na viatu na leo bila viatu, anahama kabila. Herufi zinafanya hivyohivyo mara nne. Mwanasaikolojia David Pittenger, aliyepitia utafiti wa kipimo hicho mwaka 1993, alieleza kwamba hata ukirudia baada ya wiki tano tu, hadi nusu ya watu wanaweza kutoka na aina tofauti na ya kwanza.

Vitu unavyohitaji

Daftari dogo la shule na kalamu. Usitumie simu, utaifungua kuandika mistari mitatu, utajikuta umeangalia video arobaini.

Siku saba za kawaida. Wiki ya msiba, ya mitihani, ya harusi ya dada yako au mwanzo wa mfungo haifai. Utapima tukio, hutajipima wewe.

Watu watatu: mmoja mliyekua naye au aliyekulea, mmoja wa kazini au chuoni, na mmoja anayekuona ukiwa umechoka. Huyu wa mwisho ndiye wa thamani kuliko wote.

Dodoso moja. Moja! Kwa mizani mitano kuna mkusanyo wa maswali uitwao IPIP, ambao ni bure na hauna hakimiliki. Lipo toleo la maswali 300 na fupi la 120. Chukua la 120. Ukipenda herufi, chagua tovuti moja na ubaki nayo, maana tovuti nyingi za herufi ni za watu wengine, si kipimo chenyewe cha Briggs na Myers. Ukichanganya tovuti mbili umebadilisha futi, kisha unashangaa urefu umebadilika.

Hatua ya 1: Jitoe mahakamani

Kiswahili chetu kina mtego. Mwambie mama, "Nataka kuijua tabia yangu," atakuuliza umefanya nini. Mtu akisema "yule ana tabia," hasifu. Kwa hiyo tukiona swali la tabia tunasimama wima kama shahidi na kuanza kujitetea. Tumia neno haiba au hulka ukijiuliza, na kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andika kwa herufi kubwa: SISHTAKIWI. Inachekesha, najua. Andika.

Hatua ya 2: Andika matendo kwa siku saba

Kila usiku mistari mitatu:

a) Leo nilichangamka nilipokuwa nafanya nini, na nani?
b) Nini kilinichosha ingawa hakikuwa kizito?
c) Nilifanya nini bila kutumwa na mtu?

Sharti ni moja: tendo, si sifa. "Nilikuwa mvumilivu" futa. "Nilisubiri fundi saa mbili, sikumpigia" bakisha.

Nitoe la kwangu. Kwa miaka nilijiita mchangamfu. Kwenye vikao vya harusi ukoo mzima hunichagua katibu. Nasoma ahadi kwa sauti, nawachokoza ambao hawajatoa, watu wanacheka. Kila dodoso nilijaza E bila kufikiri. Kisha nikaandika daftari. Jumamosi: "Kikao kimeisha saa tatu usiku. Nimeshuka vituo viwili kabla ya nyumbani, nimetembea." Jumatano kulikuwa na kikao cha dharura, mtu wa ukumbi alikuwa amebadilisha bei: "Nimezima simu. Nimekula kiporo jikoni, taa sijawasha." Hakuna aliyenituma kutembea kilomita moja na nusu usiku. Nilikuwa namkwepa jirani yangu anayepanda daladala hilohilo, mtu mwema sana, ila anaongea.

Dodoso halikuniuliza nashuka kituo gani. Liliniuliza kama najisikia huru mbele ya watu, nikasema ndiyo, na sikudanganya.

*Kosa la kawaida:* kuandika siku saba zote kwa mkupuo Jumapili jioni. Kumbukumbu hupenda hadithi nzuri. Itakupa mtu nadhifu asiyekuwepo.

Hatua ya 3: Tenganisha wajibu

Siku ya nane rudi nyuma na kalamu ya rangi nyingine. Kila tendo ambalo usingelifanya kama hakuna mshahara, macho ya watu, au mtu anayekutegemea, weka W pembeni, yaani wajibu.

Hapa ndipo watu wengi huona kilichokuwa kinawapoteza. Dada mmoja muuguzi alikuwa anatoka J kila mara. Daftari la dawa wodini anajaza kwa dakika, mwandiko wake hauna hata neno moja lililokatwa. Nyumbani chaja yake hupotea kila siku, nguo huanua mvua ikishaanza, na safari ya kwenda kwao Iringa aliiamua akiwa tayari stendi. Utaratibu wa wodini ni wa kweli na ni wa kuheshimiwa, lakini ni wa wodi. Alipoweka W, upande wa J ulibaki na mistari miwili.

Kifungua mimba naye ana shida yake. Ada za wadogo ziko mabegani, kwa hiyo anajibu kama baba mwenye nyumba: naamua haraka, siyumbi, sihitaji ushauri. Ukimtoa kwenye ada, kuchagua shati kunamchukua nusu saa. Jung aliita uso huu wa mbele ya watu *persona*, jina la kinyago cha waigizaji wa Kirumi. Kinyago si uongo. Ila ukienda kupimwa nacho, wanapima mbao.

Usifute mistari yenye W. Iache, isipokuwa usiitumie kujibu dodoso.

Hatua ya 4: Uliza watu watatu, na uulize vizuri

Ukiuliza "hivi mimi nikoje?" utajibiwa "wewe ni mtu mzuri tu, una roho nzuri." Watu wetu wana adabu. Uliza tukio.

Mimi nilimpigia shangazi. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, habari za mbuzi, kisha: "Shangazi, kwenye msiba wa babu, mimi muda mwingi nilikuwa wapi?"

Akacheka. "Wewe? Mchana ulikuwa na wale wa kaburini. Usiku hatukuoni. Tumekuja kukukuta nyuma ya banda la kuku, unaosha vikombe peke yako. Na vikombe vyenyewe vilishaoshwa."

Msiba na harusi ni vipimo bora kuliko dodoso lolote ninalolijua. Yupo anayeshika orodha ya michango, yupo anayeingia jikoni bila kuitwa, anayekaa kimya na mfiwa, na anayechekesha watu saa nane usiku. Hakuna aliyewapangia. Muulize kila mmoja wa wale watatu matukio mawili, andika maneno yao kama walivyosema, na usijitetee. Ukianza "aah lakini siku ile nilikuwa…" umeharibu. Na kama una mtani wa kabila, muulize naye, ila punguza nusu.

Je, wao wanakujua kuliko unavyojijua? Inategemea jambo. Mwanasaikolojia Simine Vazire alichapisha utafiti mwaka 2010 ulioonyesha kwamba mambo ya ndani kama wasiwasi mtu mwenyewe huyajua zaidi, lakini yale yenye sifa au aibu ndani yake, kama akili na ubunifu, marafiki hupatia zaidi. Kwa hiyo wakisema "wewe huna wasiwasi kabisa" na wewe hulali usiku, jiamini wewe. Wakisema wewe si msikivu kama unavyodhani, waamini wao.

Huenda umesikia semina zikitaja Dirisha la Johari, mchoro wa vidirisha vinne vya kujijua, ukadhani ni johari yetu, kito. Hapana. Ni Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, Jo na Harry, waliounganisha majina yao mwaka 1955. Kidirisha wanachokisisitiza, kile ambacho wengine wanakiona na wewe hukioni, ndicho unachokifungua kwenye hatua hii. Jina la bahati tu, na kwetu limekaa vizuri kuliko kwao.

Hatua ya 5: Sasa jaza dodoso

Asubuhi, umeshakula, peke yako, daftari liko wazi mbele yako. Kila swali tafuta jibu kwenye daftari kwanza, kichwani baadaye.

Angalia mambo mawili.

La kwanza ni tafsiri. Madodoso mengi yaliandikwa kwa Kiingereza na kwa watu wa huko. Swali kama "hufurahia kutazamwa na watu wote" likifika kichwani mwetu linageuka kuwa "unapenda kujionyesha?" Nani atajibu ndiyo? "Husema unachofikiri waziwazi" linageuka kuwa "huna adabu kwa wakubwa?" Kila swali lenye harufu hiyo, ligeuze kuwa swali la mwili: nikiwa mbele ya watu, nachangamka au nachoka? Nikinyamaza mbele ya mjomba, ndani nimetulia au nimefunga breki?

La pili, unajilinganisha na nani? Aliyekulia nyumba ya watu tisa wanaoongea wote kwa pamoja atajiona bubu, kumbe ofisini ndiye redio. Jilinganishe na watu wa rika lako na jinsia yako unaowafahamu kwa ujumla, si na kaka yako mmoja msemaji.

*Kosa la kawaida:* kujibu kwa kulenga. Ukishaipenda aina fulani, na INFJ ina wapenzi wengi kwa sababu inasifiwa kuwa adimu, unajua kabisa swali gani linaongeza herufi gani. Ukijikuta unafanya hivyo funga, urudi kesho.

Hatua ya 6: Rudia baada ya wiki mbili

Matokeo ya kwanza yaandike kwa namba, bandika ukurasa kwa gundi, usiyaangalie. Baada ya wiki mbili jaza tena dodoso lilelile, kisha bandua ulinganishe namba, siyo herufi. Kanuni yangu mimi: namba ikiangukia kati ya 40 na 60 kwa mia mara zote mbili, au ikivuka mstari wa katikati, hapo weka mstari mtupu badala ya herufi. I–F– ni jibu halali. Ni jibu la kweli kuliko INFJ ya asilimia 51.

Hatua ya 7: Soma maelezo kwa kalamu nyekundu

Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi 39 jaribio la haiba, kisha kila mmoja akapewa karatasi ya matokeo yake. Wakaombwa waseme yamewapatia kiasi gani, kutoka 0 hadi 5. Wastani ukawa 4.26. Wote walikuwa wamepewa karatasi moja yenye maneno yaleyale, na sentensi zake nyingi alizitoa kwenye kitabu cha nyota kilichokuwa kikiuzwa barabarani.

Ndiyo sababu aina zote 16 zinakuhusu. Kwa hiyo kila sentensi ya maelezo yako jiulize: shangazi, bosi na kondakta wa jana, nani kati yao angeikataa? Kama wote wangeikubali, ikate. "Unathamini watu wa kweli," kata. "Wakati mwingine unajitilia shaka," kata. "Ukiwa na kazi ya wiki mbili unaianza siku ya kwanza," hiyo acha, ina watu wa kuikataa. Zilizobaki zioanishe na daftari. Mara nyingi katika ukurasa mzima hubaki sentensi nne au tano, na hizo ndizo zako.

Ukikwama

*Kila swali najibu "inategemea".* Hiyo ni dalili ya uaminifu, siyo tatizo. Hesabu kwenye daftari: kati ya mara kumi, ilikuwa hivi mara ngapi? Mara saba ni jibu. Mara tano ni mstari mtupu.

*Daftari linasema hivi, watu watatu wanasema vile.* Tazama kama wote watatu wanakuona mahali pamoja. Ukiuliza watu wa kwaya tu, utapata haiba yako ya kwaya.

*Nilikuwa mcheshi, mwaka huu sitaki hata kuonana na watu.* Usijipime sasa. Na kama kwa wiki mbili mfululizo huna hamu ya chochote, usingizi umevurugika na kila kitu kizito, acha dodoso uende kituo cha afya. Hiyo si I.

*Maswali yenyewe hayanihusu kabisa.* Huenda kweli. Watafiti walipoipeleka mizani mitano kwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia, katika matokeo waliyochapisha mwaka 2013 mitano hiyo haikujitokeza vizuri. Vipimo hivi vilikatwa kwa mwili wa watu fulani. Tegemea zaidi hatua ya 2 na ya 4.

*Nina miaka 17.* Fanya yote, ila andika kwa penseli.

*Mwajiri ameniambia nijaze herufi nne kwenye maombi ya kazi.* Jaza ulichopata kwa uaminifu, na ujue kwamba wasimamizi wa kipimo hicho wenyewe huko Marekani wanasema si haki kukitumia kuchagua wa kuajiriwa.

*Mwenzangu hakubaliani na matokeo.* Mpe dodoso lilelile alijaze kuhusu wewe, chumba kingine, mlango umefungwa. Kisha wekeni karatasi mbili mezani na mtafute maswali mliyopishana kwa hatua mbili au zaidi. Hayo tu ndiyo ya kujadili. Mimi na mke wangu tulipishana kwenye 11. Tisa tuliyamaliza chai haijapoa. Mawili yaliyobaki yote yanahusu nani huanza kununa, na tumeyawekea mstari mtupu.